Kiungo kilichokisiwa mara ya tatu

Wiki jana kijana anayefanya mafunzo ya kazi kwetu aliniletea msimbo wenye srand(time(NULL)), nikakumbuka aibu yangu.

Mwaka wangu wa kwanza kazini niliandika kijiprogramu cha C cha kutoa viungo vya kubadilisha nywila kwenye mfumo wa chama kimoja cha akiba na mikopo. Kila kiungo kilikuwa na herufi 16 zilizovurugika vizuri. Nilijivunia.

Siku moja fundi mmoja mkubwa wetu akaniambia, "Kijana, omba nywila mpya, na barua pepe usinionyeshe." Akatazama saa, akaandika mistari michache. Kiungo changu hicho kwenye skrini yake. Jaribio la tatu!

Shida ni kwamba rand() ni hesabu tu. Ukiipa mbegu ile ile, inakupa mfuatano ule ule. Mbegu yangu ilikuwa saa ya seva, na siku nzima ina sekunde 86,400 tu. Anayejua dakika ana mbegu 60 za kujaribu. Herufi 16 zilikuwa mapambo.

(Hata wakubwa huteleza. Mwaka 2006 Debian walifuta mistari fulani ya OpenSSL, na hadi Mei 2008 funguo zake zilitegemea nambari ya mchakato, isiyozidi 32,768.)

Siku hizi kwenye Linux naita getrandom(), iliyokuja na toleo 3.17 mwaka 2014. Haihitaji kufungua faili kama /dev/urandom, na mashine ikiwa ndiyo kwanza inawaka, inasubiri hadi kiini cha mfumo kikusanye nasibu ya kutosha. Kagua jibu lake lakini. Na usigawanye baiti kwa 62 ukachukua baki hivi hivi: 256 haigawanyiki sawasawa, herufi 8 za kwanza zitajitokeza zaidi. Mimi hutupa baiti zote kuanzia 248 na kuomba nyingine.

Kurekebisha kulichukua nusu saa. Kumweleza mwenyekiti wa chama ndiko kulikuwa kazi. Aliuliza swali moja: "Tangu lini?" Miezi kumi na mmoja. Kumbukumbu za seva hazikuonyesha wizi, ila kiungo kilichokisiwa hufanana kabisa na kilichobofywa na mwenyewe. Basi tukachukua orodha ya waliobadilisha nywila, tukaanza kuwapigia simu mmoja mmoja.