Kwazi Wawili wa Chala

Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha potea hakirudi. Jumamosi iliyofuata Baba akataka twende Ziwa Chala. Kutoka Moshi si mbali, unapita Himo, ila kushuka kwenye lile shimo la volkano ndiyo shughuli yenyewe. Alinishika bega, hatua kwa hatua, mpaka majini.

Tukapewa kayaki ya watu wawili. Mimi nyuma na kasia, yeye mbele na kidaftari chake cha ndege, alichokianza enzi anafundisha. Chini yetu kina cha karibu mita 90, maji mengi yakiwa ya mvua ya Kilimanjaro yaliyopita chini kwa chini. Mahali fulani palepale majini Kenya inaanza. Mpaka wenyewe sikuuona.

"Mnandi," nikasema. "Yuko juu ya jiwe, kakunjua mabawa."

"Anayakausha." Akaandika.

Mimi sijui ndege, jamani. Kikapita kitu cha buluu, nikasema mdiria.

"Wa aina gani?"

Nikanyamaza. Akacheka.

Kisha ukapigwa ukelele, ukagonga ukuta wa ng'ambo, ukarudi. Natafuta huku na huku, sioni kitu. Baba alishageuza uso kulia.

"Kwazi. Wawili, wanaitikiana."

Nikapiga kasia. Walikuwa wawili kweli, mti mmoja.

"Vichwa vyeupe?"

"Vyeupe, Baba."

Usiku nikakifungua kile kidaftari. Kwazi 2, ameandika, juu ya mstari wa mnandi.