Miguu ya Nyuma ya Punda wa Lilambo

Udaktari wa mifugo niliusoma Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, mwishoni mwa miaka ya 1980. Vitabu vyetu vya magonjwa ya miguu viliandikwa na watu wa farasi. Vilitufundisha kumkunja farasi mguu kisha kumkimbiza, kuchoma ganzi neva moja baada ya nyingine mpaka ijulikane maumivu yamekaa wapi, kupiga picha za eksirei. Nilipopangiwa Songea nikakuta ng'ombe wa maziwa, nguruwe wengi, mbuzi, na punda wachache walioletwa kwa malori kutoka kanda ya kati. Farasi hakuna, na sababu yake inajulikana. Upande wa mashariki wa mkoa, Namtumbo hadi Tunduru, ni nchi ya mbung'o, na nagana, ugonjwa wanaoueneza, humuua farasi upesi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia majeshi ya Waingereza yaliingia Tanganyika na maelfu ya farasi, na maradhi yakawafyeka kuliko risasi. Punda hustahimili zaidi. Hata hivyo naye huugua, na anapougua miguu ya nyuma, mwenye mali hukuuliza jambo ambalo hakuna kitabu chochote kilichonijibia: tumpime, au tumwache?

Mzee mmoja wa Lilambo aliniuliza hivyo mwaka 2016. Punda wake jike alikuwa akiburuza ncha ya kwato ya nyuma kushoto tangu masika, na akigeuka ghafla kiuno kiliyumba. Alikula vizuri. Hakuwa na jeraha. Miaka ile wanunuzi wa punda walikuwa wakizunguka nchini kwa ajili ya ngozi, inayochemshwa China kutengenezwa gundi ya dawa, na punda mwenye miguu mibovu walimchukua vilevile. Kwa hiyo mzee alikuwa na njia tatu: kulipia vipimo, kumwacha aendelee kuburuza mguu, au kupokea fedha na kuagana naye.

"Daktari, mwanangu," akaniambia, "nina fedha kidogo ya mahindi. Kama damu ikipelekwa maabara ya Iringa itamponya, niambie niitoe leo."

Nikamwomba kwanza amtembeze. Daima naanzia hapo. Nikamtazama akienda kwenye ardhi ngumu, akirudi kinyumenyume, akizungushwa duara dogo. Akiwa anatembea nikamvuta mkia kwa upande: mnyama mwenye neva nzima hujikaza mara moja, mwenye uti wa mgongo ulioguswa huvutika kama mlevi. Huyu alijikaza, kwa kuchelewa kidogo upande wa kushoto. Ncha ya kwato ilikuwa imelika. Nikaibana kwato kwa koleo, hakushtuka. Nilipobonyeza misuli ya kiuno ndipo alipojikunja na kulaza masikio.

Kuna ugonjwa mmoja ambao ukiushuku huulizi gharama. Miaka mingi kabla ya hapo niliitwa kumwona punda aliyelegea miguu ya nyuma ghafla. Jana yake alikuwa mzima; siku ya pili akawa anakaa kama mbwa, ya tatu hanyanyuki. Watoto wa nyumba ile walikuwa wakimlisha pumba kwa mikono. Kichaa cha mbwa kwa punda kinaweza kuanza hivyohivyo, kwa udhaifu wa nyuma, bila ukali wala povu. Nilisisitiza kichwa kipelekwe maabara, na watoto wapelekwe hospitali ya mkoa siku ileile, majibu yasisubiriwe. Kwa binadamu chanjo huokoa kabla ya dalili; dalili zikishaanza, ni kifo. Majibu yalirudi na kuthibitisha. Watoto wale walipona, leo ni watu wazima.

Lakini kichaa cha mbwa hakikai miezi. Huua ndani ya siku chache. Punda wa Lilambo alikuwa ameburuza mguu tangu masika bila kuzidiwa, kwa hiyo hofu hiyo niliiondoa palepale uwanjani, bila kipimo.

Nagana ilinisumbua zaidi, maana mzee alikuwa amewahi kumpeleka kubeba mahindi upande wa Namtumbo. Vimelea vyake vikiingia kwenye uti wa mgongo huleta kuyumba kwa namna hii hasa. Tatizo ni kwamba ugonjwa ukiwa umefika huko, vimelea huwa haba kwenye damu: unaweza kutazama kwenye hadubini asubuhi nzima usione kitu, na usiweze kusema mnyama ni salama. Kuchukua maji ya uti wa mgongo shambani ni hatari. Na dawa tunayoitumia sana, diminazini, haipenyi vizuri kuingia kwenye ubongo na uti. Nikamweleza mzee haya yote, kwa sababu fedha ilikuwa yake. Safari ya sampuli hadi Iringa ingekula sehemu kubwa ya akiba, na majibu ya "hakuna vimelea" yangetuacha tulipo.

Basi nikatafuta dalili ambazo nagana huziacha mwilini. Ufizi ulikuwa mwekundu wa afya. Joto la kawaida. Tumbo halikuvimba chini, mbavu hazikuhesabika.

Ndipo nikaomba kuuona mkokoteni aliokuwa akiuvuta. Ulikuwa na mkanda wa kifuani, wa nyuma haukuwapo. Lilambo si tambarare. Kwenye mteremko, mzigo wote wa mahindi humsukuma punda kwa nyuma, naye huuzuia kwa kiuno na vifundo vya nyuma, siku baada ya siku. Sikuweza kuapa kwamba hicho ndicho chanzo. Niliweza kusema kwamba kukirekebisha hakuna hasara, na kwamba mwezi mmoja wa kupumzika ungetuambia mengi kuliko damu. Tukakubaliana: akizidi kuyumba, akikonda au ufizi ukififia, tunachukua damu siku hiyohiyo. Nikaichora ile ncha ya kwato kwenye daftari langu ili tuone kama inaendelea kulika.

Mwezi ulipoisha kwato ilikuwa imeanza kuota mbele. Kwenye kona kali mguu bado ulichelewa, na nadhani ulichelewa mpaka mwisho. Fundi viatu wa Majengo alishona mkanda wa nyuma kwa mpira wa tairi na kuufunika gunia usichubue.

Mnunuzi wa ngozi alirudi tena, mzee akamkatalia. Mwaka 2024 Umoja wa Afrika ulikubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15, uamuzi nilioupokea kwa furaha kubwa. Kwa fedha aliyoitenga kwa ajili ya vipimo, na nyongeza ya mavuno, mzee alinunua punda wa pili, ili wagawane mteremko.