Safari ya Ordinatere Yetu, Kutoka Idjwi Mupaka Bukavu



Siku ya Tano yenye ilipita niliamuka saa kumi ya usiku, nikafunga ordinatere ya kikundi chetu ndani ya vikwembe viwili, na juu yake nikavalisha mufuko wa plastiki wenye nguvu. Bwana wangu alicheka, akasema ninaifunga kama mutoto mwenye anapelekwa ku chanjo. Na kweli, mashini hiyo ilikuwa mugonjwa. Ili iwake ulipaswa kungojea mupaka maharagwe yachemuke. Batri yake ilikufa zamani. Ndani yake kulikuwa Windows 7, yenye Microsoft iliacha kuitengenezea dawa tangu tarehe 14/1/2020, na virusi vilikuwa vimejaa kama panya mu gala.

Lakini ndani yake mulikuwa pia rejista ya wamama 27: nani alileta ngapi kila juma, nani alikopa, nani amebakisha. Kaye ya karatasi ilinyeshewa wakati mabati ya nyumba ya sekretere yalitoboka, na wino ikakuwa maji. Kwa hiyo hesabu ya miaka mitatu ilibakia fasi moja tu. Na mimi ndiye nilichaguliwa kuipeleka mujini, eti kwa sababu mwalimu anajua mambo ya mashini. Kusema kweli, nilikuwa ninajua kuandika pointi za wanafunzi na kuchapisha ekizame, basi.

Kuna sababu yenye ilifanya niogope. Miaka fulani mbele ya ile, fundi moja aliformata mashini yenye nilikuwa ninatumia ku masomo. Hakuniuliza kitu. Aliirudisha ikiwa safi, inakimbia, inangaa, na pointi za trimesta mbili hazikukuwa tena ndani. Nilizikusanya upya kwa kupitia makaye ya watoto moja-moja, juma mbili muzima. Pointi unaweza kuzitafuta mu makaye. Feza ya wamama utaitafuta wapi? Kila mumoja atasema yenye anakumbuka, na kila mumoja atakumbuka yenye inamusaidia.

Boti ya motere iliondoka kwetu Idjwi ya Kusini wakati kulikuwa kungali giza. Ndani: mananasi, mifuko ya kahawa, kuku wenye miguu imefungwa, mama moja na mapacha, na mimi na mugonjwa wangu ku magoti. Ziwa lilikuwa limetulia. Tulikutana na wavuvi wa sambaza wakirudi, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja na miti mirefu, taa zingali zinawaka. Watu wengi hawajui kama sambaza ni mugeni mu Kivu. Ilitolewa Ziwa Tanganyika, ikatiwa kwetu mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo hakuna mutoto wa Idjwi mwenye anaweza kuamini kama babu yake mukubwa alikula bugali bila sambaza.

Jua lilipotoka, ku mukono wa kushoto tuliona milima ya Rwanda, na ku mukono wa kuume, mbali nyuma ya Kabare, mulima Kahuzi na kofia yake ya mawingu. Ile mulima iko na urefu wa metre 3.308. Nilikuwa ninaiangalia tu na furaha wakati upepo ulianza, boti ikayumba, maji yakaingia kidogo. Mama mwenye mapacha akaniuliza:

“Mama mwalimu, unakumbatia nini vile?”

“Feza ya wamama 27.”

“Basi shika nguvu.”

Hapo katikati ya ziwa ndipo niliona ujinga wangu. Nilikuwa nimebeba kitu chenye hakina kopi fasi yoyote. Kama boti ingezama na mimi ningeogelea mupaka inchi kavu, ningerudi kwa wamama mikono mitupu. Nilipaswa kuikopia ku flashi mbele ya kutoka nyumbani. Nilikuwa nafikiri kazi ya kukopia ni ya fundi. Sivyo.

Bukavu, ukiingia kwa njia ya ziwa, inakunyooshea vidole. Ni vipande tano vya inchi vyenye vinaingia mu maji kama mukono, na manyumba yanapanda milima nyuma yake. Tulishuka ku Muhanzi, nikakataa vijana wote wenye walitaka kunibebea muzigo, nikapanda moto mupaka Nyawera. Mwenye moto alikimbiza kama vile mimi ndiye nilikuwa mugonjwa. Kule kuna vijumba vya mafundi wa simu na ordinatere, vimeshikamana kama meno. Kila kimoja na mezani yake, na mashini zimefunguliwa matumbo.

Fundi wangu alikuwa kijana mwenye heshima, mwenye labda hajafikisha miaka 25.

“Karibu, mama mwalimu. Tunaformata?”

“Ngoja kwanza, mudogo wangu. Tunakopia.”

Nilinunua flashi mbili za giga 16. Alichukua vitu vyote vya fasi tatu zenye mashini inaita kwa Kifaransa Bureau, Documents na Images. Haikuchukua wakati murefu. Akasema: “Imeisha, mama.” Kidole chake kilikuwa karibu na kazi ya pili.

Nilimuomba achomeke flashi ku mashini ingine na anifungulie rejista. Aliona kama ninamuchokoza, lakini akachomeka. Picha zilifunguka. Mitihani ilifunguka. Rejista ikakataa. Tuliangalia uzito wake: Ko 2. Wamama, mimi ninafundisha hesabu mu mwaka wa tano. Watu 27, kila juma, miaka mitatu, vyote hivyo viingie mu Ko 2? Hata barua fupi inapita pale.

Kijana akakaribisha macho ku kile kidude cha rejista, akaona mushale mudogo umepinda ku pembe yake. Akashika kichwa. Kile chenye sekretere wetu alikuwa anagonga kila Siku ya Posho hakikukuwa rejista. Kilikuwa kibao tu cha kuonyesha njia. Ni kama ku barabara unaona kibao kimeandikwa BUKAVU, ukichomoe, ukipeleke nyumbani, useme umebeba muji. Rejista yenyewe ilikuwa imelala fasi ingine, mu Téléchargements, fasi yenye vitu vyenye vinatoka ku intaneti vinaangukia, na fundi aliiruka kwa sababu watu wanaachaka takataka pale. Kama angeformata saa ile, tungerudi Idjwi na kibao.

Tuliikopia ku flashi zote mbili. Tukaifungua ku mashini ingine, nikateremuka mupaka mustari wa mwisho, nikasoma jina la mama wa 27 na deni yake. Kisha kijana aliniuliza jambo lenye sikukuwa nimefikiri: maneno ya siri. Mashini ilikuwa inayakumbuka pahali pangu, na ikifutwa itasahau. Niliyaandika ku karatasi, nikaitia ndani ya Biblia.

Ndipo tulizungumuzia dawa. Windows 10 ingeweza kuingia, lakini memori yetu ni giga 2, ingetambaa kama konokono. Na kopi yenye alikuwa nayo haikukuwa ya kulipiwa, ni ya kuiba. Akanionyesha Linux Mint, ile nyepesi yenye inaitwa Xfce. Ni ya bure, na hakuna anayeiba. Chenye kilinipendeza zaidi, aliiwasha kutoka ku flashi yake bila kugusa diski yetu, nikaijaribu nusu saa. Nilifungua rejista na LibreOffice, hesabu zote zikajumulika sawa. Nikasema: endelea.

Ilipofika nusu, umeme ulikatika. Na batri yetu ni maiti. Mashini ikazimika, fundi akanitazama, mimi nikamutazama, kisha nikaingiza mukono mu pochi nikagusa zile flashi. Niliketi, nikanunua mandazi. Umeme ulirudi saa tisa ya muchana, akaanza tangu mwanzo. Kazi yenyewe ilimalizika mbele ya saa moja kupita. Ningekuwa mu hali gani kama flashi hazikukuwa?

Nililala Kadutu kwa dada yangu mukubwa, mwenye alinipikia bugali na sombe. Asubuhi nilimuachia flashi moja, aiweke mu sanduku ya vikwembe vyake vya arusi. Ile ya pili niliifunga ku pembe ya kikwembe changu, na ordinatere nikaipa prezidente wetu, mwenye alikuwa Bukavu kwa matibabu na alikuwa anarudi na boti ya muchana. Mimi nilipanda ya asubuhi.

Siku ya Posho tulifungua mukutano. Mashini iliwaka mbele ya wimbo wa kufungulia kuisha. Mama mumoja, jina ninaliacha, akauliza kwa sauti ya upole kama kweli hakuna kitu kilipotea mu ile safari. Sekretere akateremusha rejista mupaka ku jina lake. Deni yake ilikuwa pale, pamoja na faini ya kuchelewa, na wamama wote wakapiga makofi isipokuwa yeye.