Tulimwombea, Hatukumwuliza



Muhula uliopita sisi mafrateri sita wa darasa moja tulisoma somo la utangulizi wa saikolojia ya kibiolojia. Ni somo linaloeleza jinsi ubongo, neva na homoni zinavyohusika na yale tunayoyafikiri, tunayoyahisi na tunayoyatenda. Tulipoliona kwenye ratiba hatukulifurahia. Tulikuwa tumetoka kwenye falsafa, tumezoea kujadili nafsi na hiari, na ghafla tunaambiwa tuchore seli. Baadhi yetu waliogopa zaidi ya ugumu wa mtihani: waliogopa kwamba mwisho wa somo tutaambiwa roho haipo, na kwamba sala ni umeme tu unaopita kichwani.

Hayo hatukuambiwa. Tuliambiwa jambo jingine, na ndilo lililotufanya tuandike makala hii. Kuna mama mmoja tuliyemkosea, naye ameturuhusu tusimulie ili wengine wasirudie kosa letu. Jina lake na la kigango chake tunaviacha.

Mwaka mmoja kabla ya somo hilo tulitumwa kwa utume wa wikiendi kwenye kigango kilicho magharibi ya mji wa Tabora, upande wa njia ya zamani ya misafara iliyokuwa ikitoka Bagamoyo, ikipita hapa Unyanyembe, hadi Ujiji. Wenyeji wa huku wanaijua njia hiyo kwa miembe mikubwa ambayo watu husema ilipandwa na wasafiri wa enzi hizo. Chini ya mwembe mmojawapo jumuiya ilikuwa ikisali rozari. Tulipofika fumbo la tatu, binti wa miaka kumi na minne alipiga ukelele, akaanguka, mwili ukakakamaa, kisha ukaanza kutikisika. Watu wakasogea nyuma. Mzee mmoja akaagiza kijiko cha kumtia mdomoni. Sisi tulipiga magoti, tukamwekea mikono, tukasali kwa sauti kubwa. Baada ya dakika mbili hivi akatulia, akalala usingizi mzito. Watu wakapiga makofi. Tukaamini tumesaidia.

Jioni mama yake alituita nyumbani, akatukaribisha ugali na mlenda. Akatoa pakiti ya vidonge kutoka kwenye kopo. Akasema, "Wanangu, hivi nilipewa zahanati. Anakunywa kila usiku. Je, niendelee navyo?" Mmoja wetu akamjibu kwamba leo ameona mwenyewe uwezo wa Bwana, sasa vidonge ni vya nini tena? Hatumtaji aliyesema, kwa sababu sisi watano tuliobaki tulitikisa vichwa kukubali. Mama akarudisha pakiti ndani ya kopo.

Wiki tatu baadaye katekista alitupigia simu. Binti alikuwa ameanguka jikoni, mkono wa kulia ukaingia motoni. Kifafa kilimshika mara kwa mara siku hiyo bila yeye kurudiwa na fahamu katikati. Walimkimbiza hospitali kwa bodaboda, amebanwa kati ya dereva na mjomba wake. Alipona, lakini vidole viwili vya mkono ule havinyooki tena. Tulisikitika, tukamwombea, lakini hatukuunganisha ajali ile na maneno yetu. Tulisema ni majaribu.

Sasa turudi darasani. Mwalimu wetu alikuwa sista aliyefanya kazi ya uuguzi miaka mingi kabla ya kufundisha. Alianza na hesabu: ubongo wa mtu mzima una uzito wa kama kilo moja na robo tatu ya nusu kilo, nasi tulipokuwa tunahangaika kuipiga hesabu hiyo akacheka, akasema, "Basi andikeni kilo 1.4." Ndani yake mna seli za neva zinazokadiriwa kufika bilioni 86. Ingawa ni sehemu ndogo sana ya mwili, ubongo hutumia kama moja ya tano ya nishati yote ya mwili unapopumzika.

Tulipofika kwenye jinsi seli moja inavyopeleka habari kwa nyingine, wengi tulipotea. Sista akaacha kitabu, akatuuliza nani anaujua mto Malagarasi. Akasema: msafara wa Wanyamwezi unatembea nchi kavu na mizigo, kirangozi yuko mbele. Ukifika Malagarasi hauwezi kuendelea kwa miguu. Ni lazima mitumbwi iuvushe. Ndivyo ilivyo kwenye neva. Ndani ya seli habari husafiri kama umeme. Ikifika mwisho inakuta mwanya mdogo, na hapo huvushwa na kemikali. Ziko kemikali zinazosema "nenda" na ziko zinazosema "subiri". Ubongo wenye afya hukaa kati ya hizo mbili.

"Sasa," akasema, "fikirini misafara yote ya nchi inaondoka saa moja, bila kirangozi, bila mtu wa kusema subiri. Hicho ndicho kifafa." Seli nyingi hutoa umeme kwa pamoja, na mwili hutikisika au mtu hupotewa na fahamu. Chanzo chaweza kuwa malaria kali iliyopanda kichwani utotoni, mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuumia kichwa, au hata mayai ya tegu wa nguruwe yaliyoingia mwilini kwa uchafu na viluwiluwi vyake kukaa ndani ya ubongo. Mara nyingine chanzo hakijulikani. Dawa ya fenobabitoni, iliyoanza kutumika kwa kifafa mwaka 1912, mwaka uleule reli ya kati ilipofika Tabora, huiongezea nguvu ile sauti ya "subiri". Haifukuzi ugonjwa siku moja. Inauzuia usiku baada ya usiku.

Kisha akasema sentensi ambayo hatutaisahau: "Mtu aliyezoea dawa hii akiiacha ghafla, kifafa chaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, tena mfululizo, na chaweza kumwua."

Hakuna aliyeandika. Hatukutazamana. Kipindi kilipokwisha tulibaki tumekaa, na aliyesema maneno yale kwa yule mama ndiye aliyeanza kulia. Hapo ndipo tulipoelewa kwamba kile tulichokiita majaribu kilianzia mezani, tulipokuwa tunakula mlenda.

Jumamosi moja Sista alitupeleka Kwihara, kwenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 kabla ya safari yake ya mwisho. Tulidhani ni matembezi tu. Pale alituuliza: "Livingstone alipofariki kule Chitambo mwaka 1873, Chuma, Susi na wenzao walifanya nini?" Tulijua: waliuzika moyo wake chini ya mti huko, katika nchi ambayo leo ni Zambia, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miguu. Walipita hapa Unyanyembe, wakakataa ushauri wa Cameron kwamba wauzike papa hapa, na Februari 1874 wakafika Bagamoyo, mwili ukalazwa kwenye misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu. "Kwa hiyo," akauliza, "Livingstone mwenyewe alibaki wapi? Chitambo kwenye moyo, au London ulikozikwa mwili?"

Tulibishana njia nzima ya kurudi. Lugha yetu huweka kila kitu moyoni. Tunasema moyo umekataa, moyo mgumu, moyo mweupe, kujipa moyo. Hata jina la Bagamoyo wengi husimulia kwamba ni kubwaga moyo. Kumbe darasani tumejifunza kwamba hofu, kumbukumbu na maamuzi vinategemea ubongo. Je, babu zetu walikosea?

Jibu tulilipata kwa mtu ambaye hatukumtarajia. Mwenyeheri Niels Stensen alizaliwa Copenhagen mwaka 1638, akawa bingwa wa kuchunguza mwili wa binadamu. Ndiye aliyeonyesha kwamba moyo ni msuli, wakati wengi walipouona kuwa kiti cha joto la uhai. Mwaka 1665 alitoa mhadhara Paris kuhusu ubongo, akaanza kwa kukiri mbele ya wote kwamba haujui. Miaka miwili baadaye aliingia Kanisa Katoliki, akawa padri, kisha mwaka 1677 askofu. Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri mwaka 1988. Huyu alijua kwamba moyo ni nyama, na hilo halikumzuia kumpa Mungu moyo wake. Tunaposema moyo kwa Kiswahili, tunamtaja mtu mzima. Wala imani yetu haifundishi kwamba roho imekaa ndani ya mwili kama msafiri ndani ya tembe. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha, na Mtaguso wa Vienne mwaka 1312 ukathibitisha, kwamba roho ndiyo inayoufanya mwili uwe mwili hai wa binadamu. Kwa hiyo ubongo ukiugua, anaugua mtu, na anayeutibu ubongo anamhudumia mtu huyohuyo tunayemwombea.

Lilibaki swali la Injili. Katika Mathayo sura ya 17, Biblia zetu za Kiswahili zinasema wazi kwamba mtoto yule ana kifafa, na Yesu anamkemea pepo. Hatusemi kwamba Injili imekosea, wala kwamba pepo hawapo. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1673, inatuonya kwamba kabla ya kufanya ibada ya kupunga pepo ni lazima kuhakikisha kwamba hilo si ugonjwa, maana ugonjwa ni kazi ya tiba. Tena tulipoisoma habari hiyohiyo katika Marko sura ya 9, tuliona jambo tulilolipita miaka yote. Kabla ya kukemea chochote, Yesu anamwuliza baba wa mtoto ameanza lini kupatwa na hali hiyo. Baba anajibu tangu utoto, na kwamba mara nyingi mtoto hutupwa motoni na majini. Ndilo swali ambalo mganga yeyote wa zahanati huanza nalo. Sisi tulikuwa na binti mbele yetu, na mama yake, na sahani ya chakula, na jioni nzima. Hatukuuliza.

Katika nchi yetu wapo waliouliza kabla yetu. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alifika Mahenge miaka ya mwanzo ya 1960, akakuta wenye kifafa wametengwa. Watu waliogopa kuwagusa wakidhani mate yao yanaambukiza, hivyo mgonjwa akiangukia motoni hakuna wa kumtoa. Alisikiliza familia, akaandika walichomweleza, akafungua kliniki ya kifafa, akatoa dawa. Wengi wakarudi shambani. Kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa kuguswa. Ndugu msomaji, tafadhali lisome tena jambo hilo, ulisome na kwenye jumuiya yako.

Baada ya mtihani (tulifaulu, wengine kwa alama za kuomba huruma) tulimwomba gombera ruhusa, tukaenda kwa baiskeli hadi kwa yule mama. Tulimkuta anapembua karanga. "Mwangaluka, mama." Akaitikia, akatupa mkeka. Tukamweleza yote: kwamba tulimshauri vibaya, kwamba dawa ile haikupaswa kuachwa, kwamba mkono wa mwanawe una deni letu. Alinyamaza muda mrefu. Binti alikuwa uani anafua kwa mkono wa kushoto.

Kisha mama akasema: "Wanangu, sala zenu sikuzichukia. Hata leo nasali. Kilichoniuma ni kwamba mlikuja na jibu kabla sijawaeleza. Huyu mtoto alizaliwa kwa shida, hakulia mpaka jua limetua. Nilitaka mtu wa kumwambia hayo. Hamkuniuliza."

Hakutuambia kwamba ametusamehe. Alitupa karanga tukale njiani.

Binti anakunywa vidonge vyake tena. Bado huanguka, ila si kama zamani. Kila mwezi mmoja wetu humsindikiza mama kliniki kuchukua dawa, na jumuiya imemjengea jiko la udongo lililoinuka na kufunikwa pande zote. Wanajumuiya wamefundishwa la kufanya akipatwa: wasimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, wasimkandamize, waondoe moto na vitu vigumu karibu naye, wamwekee nguo laini chini ya kichwa, wamlaze ubavu mtikisiko ukikoma, na waangalie saa. Zikipita dakika tano hajatulia, au kikimrudia kabla hajapata fahamu, ni hospitali. Na wakati wote huo wanaweza kusali. Rozari haihitaji mikono yote miwili.

Wenzetu mnaokuja kulisoma somo hili, msiliogope. Tena msisubiri mlimalize ndipo muanze kuuliza. Nendeni vigangoni na sala zenu zote, mkakae mkekani, mkaanze na swali lile alilouliza Bwana: imeanza lini?