Kupiga Gitaa, Kucheza Gitaa

Kiswahili sanifu hutaka gitaa lipigwe. Hupigwa kama ipigwavyo ngoma na kinanda, na kama vipigwavyo pasi, simu, kura na mswaki. Wanafunzi wengi wa Kenya, ambao huwaza kwa lugha mbili au tatu kwa wakati mmoja, huandika "kucheza gitaa", naye mwalimu hulizungushia kosa hilo duara jekundu. Sahihisho hilo ni halali. Kinachochezwa ni mpira, karata, bao, au ngoma kwa upande wa wale wanaoingia uwanjani na miguu yao. Hata hivyo, katika shule moja ya upili viungani mwa mji wa Kiritiri, Mbeere Kusini, yupo mwalimu wa Kiswahili ambaye kwa miaka miwili sasa kalamu yake husita kila ifikapo penye kosa hilo. Bado hulisahihisha. Lakini yeye mwenyewe anajifunza gitaa, na amepoteza uhakika kama kile akifanyacho jioni, mlango ukiwa umerudishwa na watoto wakiwa wamelala, ni kupiga au ni kucheza.

Kiritiri ni mji mdogo wa barabarani, upande wa chini na wenye joto wa Kaunti ya Embu, mbali na mashamba ya chai na kahawa yaliyo kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Mvua ya huko ni haba. Watu hupanda mtama, kunde na pojo, hufuga mbuzi, na huchuma muguka. Jani hilo ndilo linaloupa mji mwendo wake. Likishachumwa huanza kuhesabiwa saa, kwa maana likinyauka halina mnunuzi; hivyo asubuhi huwa ni mbio tupu za wachumaji, wafungaji, madalali na madereva ambao mwendo wao barabarani huwatia abiria wengine baridi ya mgongo. (Mwezi Mei 2024, kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipotangaza kulipiga marufuku jani hilo, hofu iliyowaingia wakulima wa Mbeere ilikuwa ya watu wasio na zao la pili la kuwapa fedha za kila siku.) Alasiri mambo hugeuka. Walewale waliokimbia asubuhi huketi kivulini, majani shavuni, wakipiga soga hadi jua linatua. Mgeni akiwaona saa hizo atadhani mji mzima ni wa wavivu. Angefika mapema angedhani ni wa wendawazimu.

Mwalimu huyo alilinunua gitaa lake mjini Embu, la mtumba, kwa bei ambayo haikuzidi ya mbuzi mmoja mnono. Ni gitaa kavu, yaani lisilotumia umeme, lile ambalo wanamuziki wa Tanzania wa zamani waliliita galatoni. Ni vigumu kutolisikia ndani ya neno hilo jina la Gallotone, chapa ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini iliyosambaza santuri na magitaa ya bei nafuu katika nchi nyingi. Kijana mmoja wa Liverpool aitwaye John Lennon naye alianzia kwenye Gallotone katika miaka ya 1950. Kwa hiyo kuanza na gitaa la bei ya mbuzi si jambo la kuonewa haya.

Haya aliyokuwa nayo ilitoka kwingine. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, mama wa watoto wawili, na hakuwahi kufunzwa muziki hata siku moja. Katika miaka ya awali ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, muziki ulitahiniwa katika mtihani wa darasa la nane pamoja na sanaa na ufundi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 karatasi hiyo iliondolewa. Yeye ni zao la kipindi kilichofuata. Neno "Muziki" lilikuwa limeandikwa kwenye ratiba ya darasa kwa wino mzuri, lakini kipindi kilipofika aliingia mwalimu wa Hisabati. Hakuna aliyelalamika, kwani lisilotahiniwa lilihesabiwa kuwa halipo. Mtoto aliyekulia katika shule za namna hiyo hujifunza jambo moja ambalo halimo katika silabasi yoyote: kwamba kujifunza pasipo mtihani ni kupoteza muda, na kwamba muda unaopotezwa ni wa wazazi walioulipia karo.

Ndiyo maana alipoanza gitaa alianza kama mwalimu. Aliandaa maazimio ya kazi. Wiki ya kwanza: sehemu za gitaa na kulinganisha nyuzi sita. Wiki ya pili: kodi tatu (si zile zinazotozwa na serikali, bali mikusanyo ya sauti inayopigwa kwa pamoja). Wiki ya tatu: kubadilisha kodi bila kusita. Simu yake ilimletea masomo ya video kutoka Marekani na Uingereza, mengi yakiahidi kwamba baada ya siku thelathini mwanafunzi atapiga wimbo mzima. Siku ya thelathini ilipofika, ncha za vidole vya mkono wa kushoto zilikuwa zimevimba, kodi ya F ilikuwa ikitoa sauti ya kopo linaloburutwa, na kwenye safu ya "Maoni" ya maazimio yake alikuwa ameandika, kwa mwandiko uleule autumiao kwenye ripoti za wanafunzi: "Lengo halikufikiwa." Alilitundika gitaa ukutani. Lilikaa hapo miezi miwili, likitumiwa na buibui.

Aliyelishusha ni jirani yake, mzee aliyekuwa kibarua katika ujenzi wa bwawa la Kiambere, lile lililoanza kuzalisha umeme mwaka 1988, la mwisho katika msururu wa mabwawa matano ya Mto Tana yanayoanzia Masinga. Kambi za ujenzi zilikusanya vijana kutoka pembe zote za Kenya, na mzee huyo alijifunza gitaa humo kwa kumtazama kibarua mwenzake kutoka Magharibi. Alikuja kuazima koleo, akaliona gitaa, akaomba alishike. Kilichomshangaza mwalimu ni mkono wa kulia. Video zake zilimtaka atumie vidole vinne, kila kimoja na uzi wake. Mzee alitumia viwili tu, gumba na cha shahada. Gumba lilitembea kwenye nyuzi nene pasipo kubadilisha mwendo, kama mtu aendaye kisimani, na kidole cha pili kikarukaruka kwenye nyuzi nyembamba kama mtoto aliyemfuata.

"Nifundishe, mzee," mwalimu akamwambia.

"Mimi sijawahi kumfundisha mtu, mwalimu. Wewe tazama tu."

Akatazama. Alimwomba aurudie wimbo uleule polepole ili auandike kwenye daftari. Mzee akarudia, lakini marudio hayakufanana na ya kwanza. Kidole cha shahada kilipita njia nyingine. Mwalimu alidhani mzee amekosea, akamwomba tena. Mara ya tatu ikawa ya tatu kweli. Mzee hakuelewa malalamiko ni ya nini. Wimbo, alisema, ni uleule.

Katika jambo hilo mzee alikuwa na wenzake wakubwa. Mwaka 1952, Hugh Tracey alimrekodi kijana aitwaye Mwenda Jean Bosco katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi, huko Katanga. Wimbo wake "Masanga" ulisafiri hadi Afrika Mashariki na Kusini na hadi Ulaya, na wasomi wakauchambua noti kwa noti. David Rycroft alipochapisha uchunguzi wake katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, aliuweka ubunaji wa papo hapo kwenye kichwa chenyewe cha makala. Mwenda aliimba kwa Kiswahili cha Katanga, ambacho wanafunzi wa lugha hii hukikuta kwenye mihadhara ya lahaja na nadra kukisikia. Na kwa sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa na ajira nyingine, ya benki na ya kampuni ya madini. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Mwingereza John Low alisafiri hadi Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, akaketi karibu na Mwenda na wenzake Edouard Masengo na Losta Abelo ili ajifunze mitindo yao. Kitabu chake cha mwaka 1982 ni shajara, na umbo hilo linaifaa kazi yenyewe, maana mambo ya namna hiyo hufundishika siku kwa siku, kwa kukaa na mtu.

Nchini Kenya mtindo wa vidole viwili ulishika mizizi hasa Magharibi, ukapewa jina la omutibo. Bingwa wake, George Mukabi, aliyeuawa mwaka 1963 angali kijana, aliimba kwa Kiswahili pia, na katika rekodi za mtindo huo husikika chupa ya soda ikigongwa na kukwaruzwa ili kuushika mwendo. Ingekuwa uongo kudai kwamba watu hao walipiga kwa kujifurahisha tu. Santuri ziliuzwa, na baadhi yao waliishi kwa gitaa. Lakini ufundi wenyewe uliwafikia jioni, baada ya kazi, kwa macho na masikio, pasipo tarehe ya kumaliza. Hilo mara nyingi husahauliwa na wanaowasifu kama vipaji vya kuzaliwa. Sifa ya namna hiyo huzifuta jioni zote walizoketi wakikosea.

Kazini, gitaa lilianza kumsumbua mwalimu mahali asipopatarajia: kwenye somo la ushairi. Kwa miaka mingi alifundisha mizani kwa vidole. Nane ukwapi, nane utao. Anayepungukiwa amevunja arudhi. Wanafunzi wake walihesabu vizuri na kupata alama zao. Kaluta Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi ya mwaka 1954, alishikilia kwamba shairi sharti liimbike, na mjadala wa wanamapokeo na wanamabadiliko uliowaka miaka ya 1970 ulizunguka sharti hilo. Mwalimu aliujua mjadala huo wote kutoka chuoni. Alikuwa ameuandikia insha. Lakini hakuwa ameimba shairi hata moja mbele ya darasa, wala hakuwa ameombwa. Jioni moja, gumba lake likiwa limeanza kutembea lenyewe, aligundua kwamba beti alizozihesabu miaka yote zilikaa juu ya mwendo ule pasipo kuhesabiwa, na kwamba pale alipozoea kuandika "mizani imepungua" sauti ingeweza kuvutwa kidogo, pengo likazibika. Hapo hapatatuliwi mgogoro wa arudhi, na msomaji mwanamapokeo asikasirike. Ni kwamba kuna mambo ya ushairi wa Kiswahili yanayoingia kwa njia ya sikio, na shule imelifunga sikio hilo kwa miaka mingi.

Habari zilipomfikia naibu wa mwalimu mkuu, alimwomba aanzishe kikundi cha magitaa kwa ajili ya Tamasha la Muziki la Kenya. Lilikuwa ombi jema. Tamasha hilo limewainua wanafunzi wengi, na kikombe juu ya kabati ya ofisi huwavuta wazazi. Mwalimu alikataa. Alisema yuko tayari kusimamia mjadala, uigizaji, hata bustani, lakini gitaa hapana. Wenzake walimwona mchoyo, na mmoja alimwambia hivyo waziwazi.

Huenda ni uchoyo kweli. Watoto wa Mbeere hawana magitaa mengi wala walimu wengi wa muziki, na aliye na kidogo ana deni kwao. Lakini mwalimu huyo anajifahamu. Anajua kwamba gitaa likivuka lango la shule, maazimio ya kazi yatarudi, na safu ya "Maoni" pia, na kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayeyaandika. Alichokubali ni kidogo: Ijumaa alasiri huketi na mzee chini ya mwembe ulio kando ya njia, na wanafunzi wapitao wakitaka kutazama hutazama. Wanne au watano husimama. Wengine huchoka, wakaenda zao. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliwahi kuuliza ni lini watapewa zamu. Mzee alimpa gitaa palepale, kisha akaendelea na mazungumzo yake kuhusu bei ya muguka, kwa maana kwake kupiga gitaa na kupiga soga hufanywa kivuli kimoja.

Kodi ya F bado ni taabu. Hudai kidole cha shahada kilale juu ya nyuzi zote sita na kuzibana sawasawa, na mkono uliozoea chaki hauna nguvu za namna hiyo. Mzee alimwonyesha hila ya kale: penseli ya shule hulazwa juu ya shingo la gitaa, kwenye nafasi ya kwanza, na kufungwa kwa uzi imara. Penseli hufanya kazi ya kidole, vidole vilivyobaki hushika umbo jepesi la E, na sauti itokayo ni ya F, ingawa kodi nyingine zote nazo hupanda na mtu hulazimika kuziwaza upya. Ijumaa nyingine mwalimu huifunga penseli. Nyingine huiweka sikioni, akairudia F kwa kidole chake mwenyewe, mara kumi, mara kumi na tano, uzi wa pili ukiwa bado unakoroma.