Nilichokisimamia Katika Saileji

Katika kazi yangu yote ya ugani wa mifugo Makongolosi nimesimamia hoja moja: majani yetu yakisindikwa mabichi shimoni kuwa saileji, yaani malisho yaliyochachushwa bila hewa, yanahitaji kuongezewa sukari. Hoja yenyewe inaanzia kwenye mvua. Huku Chunya, kama ilivyo sehemu kubwa ya Nyanda za Juu Kusini, msimu ni mmoja, Novemba hadi Aprili. Mabingobingo huwa laini na yenye protini nyingi Februari na Machi, wakati ambao jua la kuyanyausha halipatikani kwa uhakika. Ukingoja Mei yapungue maji, mashina yamekwisha kukomaa na unachofukia ni nyuzi tu. Mfugaji analazimika kuyakata yakiwa yamejaa maji, na nyasi za nchi za joto zina sukari kidogo kuliko mahindi au nyasi za Ulaya. Bakteria wa asidi ya laktiki wanaitegemea sukari hiyo. Ikiwaishia kabla shimo halijawa chachu vya kutosha, wanaibuka bakteria wa asidi ya butiriki, wanaoharibu protini na kuyapa majani harufu ambayo ng'ombe huikataa.

Ufini walilikabili tatizo hili kwa kumwagia majani asidi yenyewe, njia ya Artturi Virtanen, aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1945. Lakini asidi kali huunguza ngozi na kula chuma, na sikuona sababu ya kumkabidhi mfugaji asiye na glovu. Molasi, ambayo ndiyo sukari ninayoshauri, inawalisha bakteria, nao wanaitengeneza asidi wenyewe. Wapo wanaopendekeza pumba za mahindi kwa sababu ziko karibu. Zinafaa kunyonya maji, ila wanga wake si chakula chepesi cha bakteria hao. Urea nayo ina kazi yake kwenye mabua makavu. Kwenye majani mabichi yenye sukari kidogo hutoa amonia inayoipinga asidi tunayoitafuta.

Pingamizi la gharama nimelisikia sana, nalo lina uzito, maana molasi hutoka mbali, kwenye viwanda kama vya Kilombero. Hata hivyo kilo 30 hivi zinatosha tani moja ya majani mabichi, na gharama hiyo ipimwe dhidi ya maziwa yanayokatika Septemba na Oktoba. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kukatakata, kushindilia na kuziba hewa ndiyo kazi kubwa. Nalikubali lote. Molasi kwenye shimo lililoshindiliwa vibaya inalisha ukungu. Ila kushindilia kunaondoa hewa, hakuongezi sukari. Pengo hilo halizibwi kwa miguu wala kwa nailoni. Ndiyo maana nimeshauri wafugaji wajiunge, wanunue molasi kwa pamoja kabla ya Februari, na wasiikate nyasi mpaka pipa limefika.