Barua kutoka Ontario: Saa 40 za Dereva Mwanafunzi

Jimbo la Ontario, nchini Kanada, halimlazimishi mtu kusomea udereva shuleni. Kijana anaweza kufundishwa na baba, shangazi au jirani, na siku ya mtihani hakuna atakayemwuliza nani alimfundisha. Hata hivyo ipo kozi rasmi ya madereva wanaoanza, na anayeikwepa hulipa kwa kusubiri zaidi.

Tangu 1994 leseni ya gari dogo hupatikana huko kwa ngazi: G1, G2, kisha G kamili. G1 hutolewa kuanzia umri wa miaka 16, baada ya kupimwa macho na kujibu maswali 40: 20 ya alama za barabarani na 20 ya sheria. Kila sehemu inataka angalau majibu 16 sahihi. Hodari wa alama hawezi kufidia udhaifu wake katika sheria. Mwenye G1 haendeshi peke yake. Pembeni yake lazima aketi dereva mwenye leseni kamili na uzoefu usiopungua miaka minne. Pombe kwake ni marufuku kabisa, na kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri hashiki usukani.

Kwa kawaida hubaki ngazi hiyo miezi 12 kabla ya kuruhusiwa mtihani wa barabarani wa G2. Aliyemaliza kozi iliyoidhinishwa na serikali ya jimbo husubiri miezi 8 tu. Masharti ya kozi yenyewe ni saa 40 kwa uchache: 20 za darasani, ambazo siku hizi shule kadhaa huzitoa kwa intaneti, 10 ndani ya gari na mwalimu mwenye leseni ya kufundisha, na 10 za kujazia, kwa kazi za nyumbani, masomo ya kompyuta au mashine ya kuigiza uendeshaji.

Saa 10 za gari ni chache, hilo halina ubishi, na shule nzuri humhimiza mwanafunzi afanye mazoezi na jamaa zake kati ya somo na somo. Lakini humo limo jambo ambalo jamaa hawezi kulifundisha kihalali. Mwenye G1 haruhusiwi kuingia barabara za mwendo kasi, kama ile ya 401 inayopita Toronto, isipokuwa akiwa na mwalimu mwenye leseni. Namna ya kuongeza mwendo kwenye njia ya kuingilia, kugeuza kichwa kutazama sehemu ambayo kioo hakiionyeshi, kisha kujipenyeza kati ya malori, hupatikana kwa mwalimu peke yake.

Si kila shule yenye kibao cha udereva inayotambuliwa. Orodha ya zilizoidhinishwa hutolewa na wizara ya uchukuzi ya jimbo, na kozi ya shule isiyomo haipunguzi hata siku moja. Kampuni nyingi za bima nazo humpunguzia ada aliyehitimu kozi inayotambuliwa, nafuu kubwa kwa kijana, maana bima ya dereva mpya Ontario ni ghali.

Mhamiaji mwenye leseni ya Kenya au Tanzania ana hesabu nyingine. Leseni yake humfaa siku 60 tangu ahamie. Baada ya hapo sharti apimwe macho na afanye mtihani wa maandishi kama wengine. Uzoefu wake wa hadi miezi 12 unaweza kuhesabiwa, na ukizidi hapo hutakiwa barua ya uthibitisho kutoka kwa mamlaka iliyotoa leseni au ubalozi. Aliyefuta muda wa kusubiri kwa njia hiyo hahitaji zawadi ya miezi minne. Lakini amezoea kuendesha kushoto, tofauti na mwenzake wa Kongo, Rwanda au Burundi, na theluji hajawahi kuiendeshea. Masomo machache ya gari, hata nje ya kozi kamili, ni matumizi mazuri ya fedha zake.